Jioni ya kwanza ugenini mkiwa wawili: Bujumbura au Kigali, kwa sisi wa Kigoma

Mdogo wangu wa Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, kaolewa mwezi uliopita, juzi kanitumia meseji ndefu anasema yeye na mume wake wana siku nne za likizo, hela si nyingi, wanataka kutoka nje ya nchi kwa mara ya kwanza, sasa dada waende Bujumbura au Kigali? Nilimjibu kwa sauti kama dakika kumi hivi, alafu nikaona bora niandike kabisa, maana swali hili naulizwa sana na wanandoa wa hapa kwetu, na sisi tumefika kote kuwili. Bujumbura tulienda mwaka wa kwanza wa ndoa, Kigali tukaenda baadae mtoto alipoacha kunyonya tukamwachia bibi yake Ujiji.

Wengi wanalinganisha miji kwa vitu vyake, huku kuna maghorofa, kule kuna ufukwe. Mimi nalinganisha kwa jioni ya kwanza tuu. Ile mmefika, begi liko gesti, mmenawa uso, mnatoka nje wawili na hakuna anaewajua. Mmechoka, hela ya mkononi hamjaizoea, mmoja ana njaa mwingine anataka kuona mji kwanza, na kila mtu anamwangalia mwenzie kwa jicho la pembeni aone kama ana raha au anavumilia. Jioni ya Bujumbura tulikosea kitu kikubwa na bado tulicheka mpaka usiku. Ya Kigali mji ulikuwa mzuri kuliko nilivyowaza, lakini nusura tununiane. Kwahiyo naandika nikizijua zote mbili.

Anzeni na barabara, maana jioni yenu inaanzia huko. Bujumbura mnatoka Kigoma mnapita Mwandiga mnapanda mpaka Manyovu, lami yote, baridi ya milimani inawapiga kidogo, mnagonga mihuri mnaingia upande wa Mugina, alafu Mabanda, alafu mnashuka Nyanza-Lac na hapo ziwa linatokea upande wa kushoto na haliondoki tena mpaka mjini. Mtapita Rumonge kwenye michikichi, mawese yanauzwa barabarani kama kwetu, mtu unaweza ukasahau kama umevuka mpaka. Kutoka Rumonge ni kama kilomita 75 mpaka Bujumbura. Karibu na mjini, maeneo ya Mugere, kuna lile jiwe la Livingstone na Stanley lenye tarehe ya 25 Novemba 1871, na kuna watu huko wanakwambia hapo ndo walipokutana. Hawakukutania hapo, walikutana Ujiji kwetu, na pale Mugere walipita baadae wakiwa wanalizunguka ziwa pamoja kuelekea kaskazini. Mume wangu alimweleza dereva hayo yote kwa upole na dereva akakubali kwamba kweli Ujiji ndo kwenyewe. Tulitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, alasiri tuko mjini, miguu bado ina nguvu.

Kigali ni habari nyingine. Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Lusahunga, Benako, Rusumo, alafu ndo mnaanza Rwanda yenyewe, Kibungo, Kayonza, Rwamagana. Jumla ni karibu kilomita 600. Ukiangalia ramani utasema si tupitie Bujumbura tukatokee kaskazini ni karibu, na wazee watawaambia wao walikuwa wanapita hivo, lakini Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda, kwahiyo msipange safari kwa njia hiyo. Ukitaka kuingia Kigali siku moja mtafika usiku mmejikunja kama mikeka, jioni ya kwanza imeshapotea. Sisi tulilala Benako, asubuhi tukavuka Rusumo, pale darajani maji ya Kagera yanaporomoka chini yenu, kuna kelele na mvuke, tukafika Kigali mchana. Hiyo maana yake ni hela ya gesti ya ziada kwenda, na kurudi labda tena. Kwenye siku nne, siku mbili na zaidi zinaliwa na barabara.

Makaratasi ni karibu sawa. Mtanzania halipi viza kote kuwili, ila bebeni pasipoti, au ile hati ya dharura kutoka Uhamiaji ambayo inatosha kwa safari kama hizi, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiiache kabatini. Na hali ya mpaka ulizeni Uhamiaji wiki ile ile mnayosafiri, msitegemee aliyeenda mwaka jana, hata mimi msinitegemee kwa hilo. Pia nchi zote mbili magari yanatembea kulia. Linaonekana dogo, lakini jioni mko wawili mnaongea mmeshikana mkono unavuka barabara unaangalia kulia kama ulivyozoea, na gari linatokea kushoto. Mume wangu nilimvuta kwa shati Bujumbura. Angalieni kushoto kwanza, mkumbushane kila mnapovuka.

Sasa saa, na hapa ndo tulipokosea.

Burundi na Rwanda wako nyuma yetu saa moja. Hapa Kigoma jua linazama karibu saa moja jioni, tumezoea, ukitoka kazini saa kumi na moja una mda mpaka unaoga unavaa unashuka ziwani unalikuta jua bado lipo juu ya milima ya Kongo. Bujumbura jua ni lile lile na milima ni ile ile ila saa ya ukutani ni kumi na mbili. Sisi tulifika, nikaweka laini ya kule, simu ikajibadilisha yenyewe, sikufikiria kitu. Tukalala kidogo, nikavaa gauni langu la kijani nililolishonesha kwa ajili ya safari, saa kumi na moja na nusu tukaanza kutafuta gari kwa raha zetu tukijua tuna saa zima na zaidi. Tulipofika ufukweni jua limeshaingia, kumebaki wekundu mwembamba juu ya mlima na wahudumu wanawasha taa. Nilitaka kulia kwakweli. Nililifikiria lile jua toka Manyovu.

Lakini Bujumbura ikatufuta machozi kwa njia yake. Tulikaa mezani karibu na maji, mlinzi wa pale akaja mwenyewe akatusalimia kwa Kiswahili kizuri tuu, akatuambia tusishuke kwenye mchanga kukishakuwa giza kwasababu viboko wanapanda kula majani usiku. Sisi watu wa ziwa tunajua kiboko, hatukubisha. Baada ya mda tukasikia ile sauti yao ya kukoroma kwa mbali, mume wangu akanishika mkono juu ya meza, mbele za watu, kitu ambacho Kigoma hajawahi kufanya maana huku kila ukigeuka kuna shemeji au mwalimu wake wa zamani. Alafu kwenye ziwa taa za wavuvi wa dagaa zikaanza kuwaka moja moja. Ndo nikaelewa. Mama mkwe alituuliza kabla ya kuondoka, "Mnalipa nauli mkaangalie ziwa hili hili?" Ndio mama, hili hili, lakini tulikaa tukalitazama tukiwa hatuna jina, hakuna anaesema yule si mtoto wa fulani.

Chakula mle samaki. Wao wanaita mukeke, ni mgebuka wetu huyo huyo, tofauti ni upishi, wanamchoma au wanamkaanga mzima wanaweka vitunguu na limao pembeni na ndizi, na mnakula wawili sahani moja. Agizeni mkifika tuu maana mapishi yanachukua mda, saa zima sio ajabu, msikae na njaa mkisubiri kwanza muangalie mandhari. Na kama mnaenda miezi ya kufunga ziwa, ile ya kuzuia uvuvi, jueni samaki ni adimu na taa za wavuvi zinaweza zisiwepo, kwetu mwaka 2024 lilifungwa katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti. Miezi ile ya kiangazi pia kuna ile hali ya hewa ya vumbi na moshi, milima ya Kongo inapotea kabisa, mnajua hata hapa Kigoma inakuwa hivo. Jua zuri mtaliona msimu wa mvua, siku ambayo imenyesha asubuhi ikaacha.

Kwa wanaotaka kuona mji kutoka juu badala ya chini, panda kule kilimani kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, yule aliyeuawa Oktoba 1961 kabla nchi haijapata uhuru. Mji wote uko chini yako na ziwa nyuma yake. Ila hapo ni pa alasiri, mwende na kiasi, ni mahali pa heshima sio pa kupigia picha za kukumbatiana. Sisi tulienda kesho yake, alafu tukashuka ziwani saa kumi na moja kamili, na jua tukalipata lote.

Ubaya wa Bujumbura nauweka wazi. Usafiri wa usiku unasumbua. Miaka ya karibuni Burundi imekuwa na shida ya mafuta, foleni za magari kwenye vituo, na mwaka 2022 bodaboda na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya mji, kwahiyo usitegemee kutoka ufukweni saa tatu usiku ukapunga mkono ukapata pikipiki kama Mwanga sokoni. Mpatane na dereva wa teksi kabla, akupeleke na akurudishe, bei yote mbili mnaiongea mkiwa bado gesti, na namba yake mnayo. Sisi siku ya kwanza hatukufanya hivo tukasubiri karibu saa nzima barabarani, baadae familia moja iliyokuwa inakula meza ya jirani ikatubeba. Watu wema, lakini sio mpango. Na taa mitaani sio nyingi, huo sio mji wa kutembea kwa mguu usiku mkiwa wageni.

Kigali hapo ndo inaposhinda, na inashinda kwa mbali. Kutembea. Yani mnatoka gesti saa mbili usiku mnatembea kwa miguu wawili, njia ya waenda kwa miguu ina matofali, imefagiliwa, ina taa, askari wamesimama kila mahali kimya, na wewe mwanamke hukumbatii mkoba kifuani. Sijawahi kutembea hivo usiku mahali popote maishani mwangu. Tulitembea tukaongea mambo ya nyumba na mtoto na deni la kiwanja, mambo ambayo nyumbani yanatushinda kuongea, yaliongeleka kwasababu ya ile kutembea.

Na mwangaza wake. Mji umepanda juu ya vilima, kwahiyo taa haziko mbele yako, ziko juu yako na chini yako na ng'ambo ya bonde. Mtu wa Kigoma nikimwelezea namwambia hivi, chukua usiku wa giza wavuvi wote wametoka, karabai zimejaa ziwani, alafu lisimamishe ziwa lile wima kama ukuta. Ile ndo Kigali saa moja na nusu usiku. Lile jengo la mikutano lenye kuba, lililofunguliwa 2016, linabadilisha rangi usiku, na ushauri wangu msiende kusimama chini yake, liangalieni kutoka kilima cha pili, ndo linapendeza. Jua lenyewe msilifuate sana, linajificha nyuma ya mlima mapema na halina maji ya kungaria. Kigali ni ya baada ya jua.

Sasa kununiana kulitokea wapi. Kigali pikipiki inabeba abiria mmoja tuu na lazima avae helmeti. Sisi tumezoea mshikaki, mke katikati mume nyuma. Kule kila mtu yake. Tukapanda mbili kwenda Nyamirambo, mimi sina laini ya kule, mume wangu ndo anayo, dereva wangu akapita njia ya juu wa kwake wa chini, na tulisema tuu "Nyamirambo" bila kutaja mahali, na Nyamirambo ni kubwa. Nilisimama nje ya duka la vitambaa dakika ishirini na tano na baridi inanila, nimevaa gauni la mikono mifupi. Maana Kigali iko juu, zaidi ya mita 1,500, na sisi Kigoma tuko kama 770 pale ziwani, Bujumbura ni sawa na sisi. Mwili unajua tofauti. Aliponipata alikuwa amepaniki na mimi nimekasirika, kila mmoja anamlaumu mwenzie, na hiyo ndo ilikuwa jioni yetu ya kwanza.

Iliyotuokoa ni Biryogo. Hapo ni Nyamirambo hiyo hiyo, kuna mitaa imefungwa magari yasipite, barabara imepakwa rangi, meza na viti vimewekwa katikati ya njia, watu wanakunywa chai ya maziwa yenye tangawizi kali kwenye vikombe vikubwa. Zamani za Wabelgiji Waswahili walitengewa kuishi huko, misikiti ipo, adhana unaisikia, na Kiswahili kinaongewa. Mzee mmoja aliposikia lafudhi yetu akauliza mmetoka wapi, tukasema Ujiji, akasema bibi yake alikuwa Mmanyema wa Ujiji, wale wenye asili ya Kongo. Akatuagizia chapati. Na sisi hasira ikaisha tuu yenyewe, huwezi kuendelea kununa mbele ya mzee kama yule. Bujumbura mahali kama hapo ni Buyenzi, Waswahili watupu, Wamanyema wengi, nyama choma na mafundi magari mtaa mzima, ni pazuri sana ila nendeni mchana au alasiri na mtu anaepajua.

Kwenye lugha, Bujumbura inawapa raha zaidi kama mmoja wenu ni Muha. Mume wangu ni wa Kasulu, alikuwa anaongea Kiha anajibiwa Kirundi na hakuna aliyemuuliza umesemaje. Nilimwona mume wangu mwingine siku ile, huku mjini Kigoma watu wanaficha Kiha chao, kule alikuwa anajidai nacho. Kigali Kiswahili ni lugha rasmi toka 2017, ila vijana wengi wa dukani watakujibu kwa Kinyarwanda au Kiingereza, wazee na madereva ndo wanakiongea. "Amakuru" na "murakoze" zinafanya kazi nchi zote mbili, jifunzeni hizo mbili tuu njiani.

Hela, sitataja bei maana faranga za Burundi hasa zinabadilika haraka. Kwa ujumla Bujumbura chakula na malazi vilitutoka kidogo na teksi ikatutoka nyingi, Kigali pikipiki ni nafuu lakini chumba na chakula ni ghali, na ongeza gesti ya njiani. Chenjini kidogo mpakani ya kutosha siku ya kwanza. Kigali msiingie na mifuko ya plastiki, ilipigwa marufuku toka 2008 na wanakagua kweli, nguo zangu nilizozifunga kwenye rambo niliambiwa nizitoe Rusumo. Lile kumbusho la mauaji ya kimbari la Gisozi lazima mwende, wamezikwa pale watu zaidi ya 250,000, lakini tafadhali sio jioni ya kwanza. Mnafunga safari siku ya pili asubuhi mkiwa mmelala vizuri, na baada ya pale msipange kitu kingine cha furaha siku hiyo, mtahitaji kukaa kimya pamoja.

Kwahiyo nani aende wapi. Kama mna wiki, mmeshazoeana, mnapenda kutembea na kuongea na mnataka kuona mji wa Afrika Mashariki uliopangwa ukapangika, nendeni Kigali, ila jioni ya kwanza iwe ndogo, masweta mawili, laini mbili, chai Biryogo, mlale. Kama ndoa bado changa, siku ni chache, mmoja wenu ni mwoga wa ugeni, Bujumbura. Itawapa ugeni kidogo kidogo, samaki mnaemjua kwa jina jingine, lugha mnayoisikia nusu, ziwa lenu.

Mdogo wangu nimemwambia Bujumbura. Kigali itamsubiri mpaka mume wake apate likizo ndefu. Watoke Jumatano alfajiri, wakiweka laini Rumonge wakumbuke simu imerudi nyuma saa moja, waoge haraka, saa kumi na moja ya kule wawe wameshakaa mezani na samaki ameshaagizwa na dereva wa kuwarudisha ameshapatikana. Na toka Nyanza-Lac wakae upande wa kushoto wa gari, yeye dirishani.